Mapambo ya meza za arusi kwa gharama ndogo



Katika parokia zetu hapa Kivu kuna vijana wengi ambao mahari imekwisha kutolewa, wamekwisha andikishwa kwa serikali, lakini hawajaja kubarikiwa kanisani. Ukiuliza sababu, jibu ni lile lile: pesa ya sherehe haijatosha. Wawili kati yao walinionyesha bajeti yao. Pesa waliyotenga kwa mpambaji wa sale ilikuwa sawa na garanti ya nyumba waliyokuwa wakitafuta. Niliwauliza, "Meza zitapendeza kwa siku moja. Nyinyi mtalala wapi usiku ule?" Tukamwita mama mmoja wa kanisa, fundi wa cherehani, tukapanga upya. Mwongozo huu umetoka katika kazi ile.

Hesabu meza kwanza

Katika Luka 14 Bwana Yesu anasema juu ya mtu anayeketi kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Kamati ya arusi nayo ifanye hivyo. Kwa wageni 120, wakiketi 8 kwa kila meza, mnahitaji meza 15, pamoja na meza ya heshima ya maarusi. Kabla ya kununua chochote, ulizeni: meza ni ndefu au za mviringo? Vitambaa vyeupe vinatolewa pamoja na sale? Chakula na sukre vitaletwa mezani? Kama ndiyo, pambo liwe dogo, maana sahani na chupa zitahitaji nafasi.

Kitenge katikati ya meza

Kitenge kizima cha yadi 6 kina urefu wa karibu mita 5.5 na upana wa karibu mita 1.15. Gawa upana mara 3, kisha urefu mara 3. Utapata vipande 9, kila kimoja karibu mita 1.80 kwa sentimita 38. Pindeni kingo kwa cherehani, kisha mtandike kila kipande katikati ya meza juu ya kitambaa cheupe. Vitenge 2 vinatoa vipande 18: 15 kwa wageni na 3 kwa meza ya heshima. Chagueni rangi zisizochuja, na mfue kipande kidogo kwanza ili kuhakikisha. Mabaki yatumike kufunga vyombo vya maua.

Vyombo vya maua

Mwezi mmoja mbele, ombeni kila jamaa ya kanisa ilete chupa za mayonezi au mikebe ya maziwa ya unga. Loweka chupa katika maji ya moto na sabuni, karatasi itabanduka. Kingo za mikebe zigongwe kwa nyundo zisikate mikono. Zungushia kila chombo kitenge au kamba ya katani. Msichukue chupa za bia: nyingi hurudishwa dukani, na wazee watazitambua hata mkizivika kitenge! Tusione haya kwa vyombo vya nyumbani. Kule Kana pia Bwana alitumia mitungi iliyokuwapo tayari.

Maua na majani

Maua meupe ya arumu huota katika mabonde yetu yenye maji, na majani ya mkaratusi yana harufu nzuri. Ombeni ruhusa kwa mwenye shamba. Kateni asubuhi mapema, kwa mshazari, na kutia katika ndoo ya maji mara moja. Ondoeni majani yote yatakayozama, maana huoza na kuchafua maji. Katika lita moja ya maji tieni kijiko kidogo cha sukari na matone machache ya javeli. Wekeni ndoo kivulini, mbali na ndizi zinazoiva, kwani hewa yake huharakisha maua kunyauka. Bogenvilia inapendeza lakini hunyauka upesi. Ikatwe saa za mwisho.

Pambo lisizidi sentimita 30, ili wageni waonane na kuzungumza.

Ya kuangalia

Maua ya oleanda yana sumu. Yasiwekwe kwenye meza ya chakula. Arumu nayo huwasha mdomo ikitafunwa, basi watoto wasiichezee. Mshumaa usimame ndani ya chupa yenye mchanga, mbali na kitambaa na majani makavu. Mtu mmoja wa protokole apewe kazi ya kuiangalia mishumaa, hasa umeme ukikatika.

Kugawa kazi

Akina mama washone wiki mbili mbele. Vijana watafute majani siku ya mwisho. Watu 6 wapange meza asubuhi ya arusi, wakianza na meza moja ya mfano ambayo bibi arusi ameikubali. Yeye mwenyewe asipewe kazi siku ile.

Baada ya sherehe

Vitenge vifuliwe, vipigwe pasi, vihesabiwe na kuwekwa katika sanduku la parokia pamoja na vyombo. Mtu mmoja ashike daftari. Sanduku likopeshwe bure kwa kila arusi, ya mtoto wa mchungaji na ya yatima sawasawa. Bila hivyo litakuwa alama ya umaskini, na hakuna atakayeliomba.

Wale wawili waliogopa wakwe watasema nini. Ni kweli, shangazi mmoja aliuliza maua ya plastiki yako wapi. Lakini watu walikula, waliimba, na jioni ile maarusi waliingia katika nyumba iliyokwisha lipiwa garanti. Vitenge vyao vimekwisha tumika katika arusi nyingine nne.

Ikiwa ni mapambo tu yanayowazuia, vijana wetu, njoni tuzungumze. Bwana azibariki nyumba zenu.