Ilimba ya Ugogo na Kazi ya Hukwe Zawose

Majengo ya Dodoma ni mtaa wa watu mchanganyiko, ambako Mgogo aliyetoka kijijini alikutana na mgeni aliyeletwa na reli, na ambako muziki wa dansi, na siku hizi Bongo Fleva, umepata wasikilizaji wengi kuliko ngoma za wenyeji. Kwa sababu hiyo wapo vijana wa mtaa huo wasiojua ya kuwa vijiji vinavyouzunguka mji wao ndivyo vilivyolea fani ya ilimba, ambayo Hugh Tracey, mkusanyaji mashuhuri wa muziki wa Afrika, aliifuata kuinasa mwaka 1950. Wala hawamjui barabara aliyeieneza duniani, marehemu Hukwe Zawose.

Ilimba ni sanduku la mti uliokombwa ndani, na juu yake zimepangwa ndimi za chuma zipigwazo kwa vidole. Baadhi ya ndimi hizo hazipigwi abadan: kazi yake ni kutikisika zenyewe kwa kuziitikia zile zilizopigwa. Kwenye tundu la sanduku hubandikwa utando mwembamba wa kifuko cha mayai ya buibui, nao ndio utiao ule mvumo ambao mgeni huudhania kuwa kasoro, ilhali kwa Mgogo ilimba isiyovuma haijakamilika. Ila lililo adhimu zaidi ni mpango wa sauti zake. Kila sauti ya uzi au ya pembe huchukua ndani yake sauti nyingine za juu, zikifuatana kwa kanuni ya maumbile. Katika hizo, ile ya msingi ikihesabiwa kuwa ya kwanza, Wagogo walizichagua tangu ya nne hata ya tisa au ya kumi, wakazifanya ngazi ya nyimbo zao. Ile ya saba iko chini kidogo kuliko sauti iliyo karibu nayo kwenye kinanda cha Kizungu, na kwa hiyo anayeirekebisha ilimba ili ilingane na kinanda huiharibu. Ilimu hii yote waliipata kwa sikio, wakairithisha kwa sikio.

Zawose alizaliwa Doduma, katika wilaya ya Dodoma, karibu na mwaka 1938. Baba yake ndiye aliyemfunza ala, na machunga ya ng'ombe ndiyo yaliyomfunza kuipaza sauti, hata akaweza kuishusha mpaka kifuani na kuipandisha mpaka ikawa nyembamba kama ya mtoto. Baada ya uhuru, kwa wito wa Mwalimu Nyerere, alikwenda Dar es Salaam kujiunga na kikundi cha taifa cha ngoma, kisha akahamia Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981. Huko hakukaa kama mlinzi wa mali ya kale tu: alichonga ilimba kubwa zenye ndimi nyingi kupita desturi, na izeze, ala ya nyuzi ya Kigogo, akaiongeza nyuzi.

Kampuni ya Real World ya Uingereza, aliyoiasisi Peter Gabriel, ilitoa albamu ya Zawose, Chibite, mwaka 1996, na mwaka 2002 ikatoa Assembly, aliyoifanya pamoja na Michael Brook wa Kanada. Mimi naifadhilisha Chibite, maana humo hakuna mtambo unaoshindana na mvumo wa ilimba. Wapenzi wa muziki wa majaribio humtaja sana Björk wa Iceland, aliyeijenga albamu ya Medúlla ya mwaka 2004 karibu yote kwa sauti za binadamu, na mwaka 2007, katika Volta, akawashirikisha Konono No. 1 wa Kinshasa na likembe zao, ambazo ni jamaa ya ilimba. Anastahili sifa hizo. Lakini ni haki isemwe pia kwamba mwana wa Ugogo alikwisha kuyafanya majaribio ya namna hiyo, tena kwa mti na chuma alivyovichonga mwenyewe.

Zawose alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Mwanawe Msafiri alitoa albamu ya Uhamiaji mwaka 2017. Na Pendo, binti wa Hukwe Zawose, pamoja na Leah, mjukuu wake, walitoa Maisha mwaka 2024, wakiwa mbele kama waongozaji, ilhali zamani wanawake wa nyumba ile waliitikia nyuma. Chamwino, si mbali na mji wa Dodoma, limekuwa likifanyika tamasha la muziki wa Kigogo. Basi nawasihi wazazi na walimu wa Majengo wawapeleke watoto wakaisikie ilimba ikipigwa na wenyewe, wakingali hai wazee wanaojua kuichonga.