Jinsi kiini cha Linux kinavyoulizwa kuhusu kumbukumbu ya programu

SIMU nyingi za kisasa ambazo wafanyabiashara wa soko la Chwele, Kaunti ya Bungoma, hupokelea malipo ya vitunguu na nyanya huendeshwa na mfumo wa Android. Msingi wa Android ni kiini kiitwacho Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka wa 1991. Kiini ndicho kinachozigawia programu kumbukumbu ya mashine.

Programu inapoanza kufanya kazi, kiini huipa vipande vya anwani za kumbukumbu: kimoja cha maagizo yake, kingine cha data, na vingine vya maktaba inazotumia pamoja na programu nyingine. Orodha ya vipande hivyo ndiyo ramani ya kumbukumbu.

Kwa miaka mingi ramani hiyo imesomwa kupitia faili za maps na smaps, zilizo katika folda ya /proc. Faili hizo hazikuhifadhiwa kwenye diski, bali kiini huziandika papo hapo kila zinaposomwa.

Faida yake ni kwamba hata binadamu anaweza kuzisoma. Hasara ni kuwa anayetafuta kipande kimoja hupewa orodha nzima, mithili ya mtu anayeulizia kibanda cha muuza viazi mmoja pale Chwele akasomewa majina ya wachuuzi wote. Programu kubwa huweza kuwa na maelfu ya vipande. Kiini hugeuza nambari kuwa maandishi, kisha programu iliyouliza huyageuza tena kuwa nambari. Isitoshe, kwa muda mrefu usomaji huo ulihitaji ramani ifungwe kwa kufuli, na programu iliyochunguzwa ililazimika kusubiri ikitaka kumbukumbu zaidi.

Nafuu ya kwanza ilikuja mwaka wa 2017 katika toleo la 4.14. Daniel Colascione, wakati huo akiwa Google, aliongeza faili ya smaps_rollup inayotoa jumla pekee. Katika kupima programu kuu ya Android, kasi iliongezeka mara 12, na mamia ya milisekunde yakaokolewa. Kwa simu yenye uwezo mdogo, huo ni muda wa kazi na nguvu ya betri.

Nafuu ya pili, PROCMAP_QUERY, iliandikwa na Andrii Nakryiko wa kampuni ya Meta na kuingia toleo la 6.11 mnamo Septemba 2024. Programu hutaja anwani moja, nacho kiini hujibu kwa nambari: mwanzo wa kipande, mwisho wake na ruhusa zake. Jina la faili, ambalo hugharimu zaidi kulitafuta, hutolewa likiombwa tu.

Hata hivyo, faili za zamani hazikuondolewa, kwani programu nyingi bado huzitegemea. Njia ya kukiuliza kiini ikishafunguliwa ni vigumu kuifunga, na ndiyo sababu muundo wake hujadiliwa kwa kina kabla ya kukubaliwa.