Mate ya Montreal: Pink Floyd Walivyojengeana Ukuta

Wasee, leo tuongee rock kidogo. Najua wengi wetu tunajua Pink Floyd kwa zile T-shirt za Gikomba tu, lakini hii story inatuhusu.

Ni 6 Julai 1977, Montreal, Kanada. Uwanja wa Olimpiki umejaa. Hii ndiyo shoo ya mwisho ya ziara iliyoanza Januari kule Dortmund, Ujerumani. Watu wanapiga mayowe, fataki zinalipuka katikati ya nyimbo. Roger Waters, mpiga besi na mtunzi mkuu, amechoka na kelele. Shabiki mmoja wa mbele anazidi kumsumbua. Waters anamtemea mate.

Kawaida story huishia hapo: umaarufu ulimlewesha jamaa, akajionea aibu, halafu akaandika The Wall, albamu ya 1979 kuhusu staa anayejijengea ukuta kati yake na watu. Ni kweli, lakini mimi naona tunawaangalia sana mashabiki na kuwasahau wale wanne waliokuwa jukwaani.

Turudi nyuma. Waters, Nick Mason wa ngoma na Richard Wright wa kinanda walikutana London wakisomea usanifu majengo. David Gilmour wa gita alikuja baadaye. Walikuwa mbogi ya kawaida tu, vijana na vyombo vyao. Halafu 1973 wakatoa The Dark Side of the Moon, na ikakaa kwenye chati ya albamu ya Marekani zaidi ya wiki 700. Wueh! Kutoka hapo kumbi zikawa ndogo, wakahamia viwanja vya michezo.

Doo ikaingia, na hesabu ikaingia nayo. Animals, albamu waliyokuwa wanaizungusha kwenye ziara ya 1977, ina nyimbo 5. Nne ni za Waters peke yake. Gilmour ana jina kwenye mmoja tu, Dogs, lakini huo mmoja una dakika kama 17, karibu upande mzima wa sahani. Shida ni kwamba malipo yalihesabiwa kwa idadi ya nyimbo. Na Waters alikuwa ameukata wimbo wake mfupi vipande viwili, kimoja mwanzo wa albamu na kingine mwisho. Hebu piga hiyo hesabu uniambie kama ungelala vizuri. Wright naye hakuwa na jina hata kwenye wimbo mmoja.

Sasa weka watu kama hao kwenye ziara ya miezi. Waters akaanza kufika uwanjani peke yake, na shoo ikiisha anatoka mara moja. Kuna wakati Wright alipanda ndege akarudi Uingereza, akisema anajitoa. Na usiku ule wa Montreal, Gilmour hakurudi jukwaani kwa wimbo wa mwisho. Snowy White, mpiga gita waliyemwajiri kusaidia kwenye ziara, ndiye alishika nafasi hiyo.

Kwa hivyo mate yalimwangukia shabiki, lakini kununiana kulikuwa kumeanza zamani, ndani ya bendi.

Wakati wa kurekodi The Wall, Wright alifukuzwa. Halafu wakamrudisha kwenye ziara ya 1980 na 1981 kama mfanyakazi wa mshahara. Kila shoo ukuta wa ukweli ulijengwa kati ya bendi na watu, na gharama zikawa kubwa hadi wenye bendi wakapata hasara. Aliyeondoka na pesa ni Wright peke yake, kwa sababu mshahara ni mshahara. Manze, hiyo nilicheka, kisha nikanyamaza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa waliujenga kihalisi na wakauza tiketi. Waters alitoka 1985, wakapelekana kortini juu ya jina la bendi. Wote wanne walipiga tena pamoja 2 Julai 2005, kwenye Live 8 pale Hyde Park, London. Miaka 3 baadaye Wright akafariki. Hakukuwa na nafasi nyingine.

Naandika hii kwa sababu mimi pia niko kwa mbogi. Tuko wanne, tunatengeneza video, na hatujawahi kukaa chini tuseme nani anapata nini. Kila mtu anasema "tutaona mbele." Mwezi jana malipo yalikuja kidogo, na tangu hapo grupu yetu ya WhatsApp imekuwa kimya ajabu. Si vita. Ni kimya tu, na baada ya kusoma hii historia, hicho kimya kinaniogopesha kuliko vita.

Jumamosi nimewaita chai. Ajenda ni moja: mgawo. Nawe ukiwa na watu wako, waite kabla hamjafika Montreal.