Aspirini na Kimeng'enya Chake

Katika historia ya utabibu, dawa aghalabu hutangulia maelezo yake. Mgonjwa hupata nafuu, tabibu huandika aliyoyaona, na karne nzima yaweza kupita kabla hajatokea mtu wa kueleza nafuu ile ilipatikana kwa njia gani. Aspirini ni mfano mkubwa wa jambo hili. Iliingia madukani mwaka 1899, ikamezwa katika kila bara, na kwa muda wa miaka 72 hapakuwa na mtu aliyejua kwa yakini inafanya nini ndani ya mwili. Elimu hiyo ilipopatikana, ilikuja pamoja na fundisho ambalo halikusikilizwa vizuri, nalo ni kwamba manufaa ya dawa hii na madhara yake hutoka katika chemchemi moja. Historia ya chemchemi hiyo yastahili kusimuliwa, kwa kuwa jaribio la kuigawa liliwadhuru watu waliokuwa wakitafuta nafuu.

Asili ya dawa hii ni gamba la mti. Mierebi, miti ipendayo kuota kando ya mito na mabwawa, imetajwa katika maandishi ya tiba ya Wamisri na Wayunani wa kale. Katika karne ya 18 Edward Stone, kasisi wa Kiingereza aliyekaa Chipping Norton katika jimbo la Oxfordshire, alionja gamba la mwerebi akashangazwa na uchungu wake, uliomkumbusha gamba la mti wa kwinini, dawa ya homa iliyokuwa ghali zama zile. Alifuata pia fikira ya watu wa wakati wake, kwamba dawa huwekwa karibu na maradhi. Na kwa kuwa homa za vipindi zilikuwa nyingi penye majimaji, ilipasa dawa yake iote huko huko. Alilikausha gamba, akalisaga, akawapa wagonjwa karibu 50, na mwaka 1763 akapeleka habari zake kwa Royal Society ya London. Hoja yake ilikuwa dhaifu, walakini aliyoyaona kwa macho yake yalikuwa kweli: homa ilishuka.

Karne ya 19 ilikuwa karne ya wanakemia. Mwaka 1828 Johann Buchner wa Munich alitoa katika gamba lile kitu kichungu chenye rangi ya manjano, kikaitwa salisini. Miaka kumi baadaye Raffaele Piria, Mtaliana, akapata asidi ya salisili kutokana na salisini. Asidi hiyo ilituliza maumivu ya baridi yabisi, lakini iliunguza matumbo ya wagonjwa na kuwatia kichefuchefu. Tarehe 10 Agosti 1897 Felix Hoffmann, mwanakemia katika kiwanda cha Bayer huko Elberfeld, Ujerumani, aliandika njia ya kuiunga asidi hiyo na kundi la asetili, akapata unga safi uliokuja kuitwa aspirini. Mwenzake Arthur Eichengrün alidai mwaka 1949 kwamba kazi ile ilifanywa kwa maagizo yake, na ubishi huo haujakwisha. Linalopasa kukumbukwa ni kwamba tumbo lilikuwa tatizo tangu mwanzo. Ubaya ulidhaniwa kuwa katika ukali wa asidi. Hakuna aliyefikiri kwamba tumbo laweza kuumia kwa sababu ile ile inayotuliza maumivu ya goti.

Wakati aspirini ikienea ulimwenguni, elimu nyingine ilikuwa ikizaliwa mahali ambapo, kwa dhahiri, hapakuhusiana nayo hata kidogo. Mwaka 1930, mjini New York, Raphael Kurzrok na Charles Lieb walitia manii ya binadamu juu ya vipande vya mfuko wa uzazi, wakaona kwamba pengine vipande hivyo hujikaza na pengine hulegea. Katika miaka iliyofuata Maurice Goldblatt huko Uingereza na Ulf von Euler huko Sweden, kila mmoja kwa upande wake, waligundua kuwa ndani ya manii mna kitu chenye nguvu ya kukaza misuli na kushusha shinikizo la damu. Von Euler alikiita prostaglandini, akidhani kwamba hutoka katika tezi dume. Jina hilo limebaki ingawa lilikosea, maana sasa yajulikana kwamba karibu kila sehemu ya mwili hutengeneza vitu vya namna hii.

Kazi ya kuvisafisha na kuvifahamu ilimwangukia Sune Bergström, naye pia Msweden. Baada ya miaka mingi alipata fuwele safi mwaka 1957, na kufikia mwaka 1962 umbo la kikemia lilikuwa limekwisha kujulikana. Mwaka 1964 kundi lake, na kundi la David van Dorp huko Uholanzi, yalionyesha kila moja kwa njia yake kwamba prostaglandini hutokana na asidi ya arakidoni, mafuta yaliyomo katika utando unaoizunguka kila seli. Asidi hiyo ina atomi 20 za kaboni, na ni neno la Kiyunani lenye maana ya ishirini lililozaa jina la ukoo mzima: ikosanoidi.

Yafaa hapa msomaji aelewe namna ukoo huu unavyofanya kazi. Seli inapojeruhiwa au kuamshwa, asidi ya arakidoni huachiliwa kutoka katika utando, ikapokewa na vimeng'enya, yaani protini ambazo huharakisha mageuzi ya kikemia pasipo zenyewe kuisha. Njia kuu ni mbili. Kimeng'enya cha saiklooksijenesi huanzisha njia ya prostaglandini na ndugu zake, na kimeng'enya cha lipoksijenesi huanzisha njia ya lukotrini. Ikosanoidi haziwekwi akiba. Hutengenezwa zinapohitajiwa, hufanya kazi jirani na mahali zilipozaliwa, kisha huharibika upesi. Baadhi yake hazidumu hata dakika moja. Ni wajumbe wa mtaani, wala si wajumbe wa nchi nzima.

Mito hii miwili ya elimu ilikutana London mwaka 1971. John Vane, aliyekuwa akifanya kazi katika Royal College of Surgeons, alikuwa ameona pamoja na Priscilla Piper mwaka 1969 kwamba mapafu ya simbilisi yanapokumbwa na mzio hutoa kitu kinachokaza mishipa ya damu, na kwamba aspirini hukizuia kisitoke. Kutokana na hayo alifikiri kwamba huenda aspirini huzuia utengenezaji wenyewe. Aliyaponda mapafu ya simbilisi, akayatia asidi ya arakidoni, akapima prostaglandini zilizopatikana. Kisha akarudia kazi hiyo pamoja na aspirini. Kadiri dawa ilivyozidi, ndivyo prostaglandini zilivyopungua. Fumbo la miaka 72 likafumbuliwa. Aspirini hukifunga kimeng'enya cha saiklooksijenesi, na kwa kuwa prostaglandini ndizo ziongezazo homa, uvimbe na maumivu, mambo hayo hupungua kwa pamoja. Lakini prostaglandini ndizo pia zilindazo utando wa tumbo dhidi ya asidi yake lenyewe. Anayezuia moja huzuia na nyingine.

Baadaye kidogo jambo la tatu likadhihirika. Katika miaka ya 1940 Lawrence Craven, tabibu wa Glendale, California, alikuwa ameona kwamba wagonjwa waliokatwa mafindofindo, kisha wakatafuna aspirini nyingi, walitokwa na damu kupita kiasi. Akakisia kwamba dawa inayozuia damu isigande yaweza pia kuuzuia moyo usishtuke, akawashauri wanaume wengi waitumie. Makala zake za miaka ya 1950 hazikutiliwa maanani, kwa kuwa hakuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka 1975 Bengt Samuelsson na wenzake mjini Stockholm waligundua tromboksani, ikosanoidi itengenezwayo na chembe sahani za damu, yenye kazi ya kuzikusanya chembe hizo na kuibana mishipa. Mwaka uliofuata Vane na wenzake wakagundua prostasaiklini, inayotoka katika kuta za mishipa na kufanya kinyume: huitanua mishipa na kuzizuia chembe sahani zisishikamane.

Basi damu hukaa katika mizani. Upande mmoja kuna tromboksani, upande wa pili prostasaiklini. Aspirini hukiharibu kimeng'enya cha chembe sahani moja kwa moja, nazo, kwa kuwa hazina kiini, haziwezi kutengeneza kingine katika siku zao saba hadi kumi za kuishi. Kuta za mishipa huweza. Ndiyo sababu kiasi kidogo cha aspirini huipunguza tromboksani kuliko prostasaiklini. Uchunguzi uitwao ISIS-2, uliotangazwa mwaka 1988, ulihusu wagonjwa 17,187 waliodhaniwa kupatwa na mshtuko wa moyo, ukaonyesha kuwa aspirini ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23 katika majuma matano. Kisio la Craven lilikuwa limepata ushahidi. Bergström, Samuelsson na Vane walikuwa wamekwisha kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982.

Hata hivyo tumbo liliendelea kutokwa na damu. Mwaka 1991 uligunduliwa, katika maabara mbalimbali za Marekani, ndugu wa pili wa kimeng'enya kile. Wa kwanza huwapo daima, na hulinda tumbo. Wa pili huongezeka hasa penye uvimbe. Fikira iliyofuata ilikuwa nyepesi na yenye kuvutia: kama wa kwanza ni mtumishi mwema na wa pili ni mkorofi, na afungwe mkorofi peke yake. Dawa za namna hiyo zikatengenezwa upesi. Mojawapo, rofekoksibu, ilianza kuuzwa na kampuni ya Merck mwaka 1999 kwa jina la Vioxx.

Dalili za hatari hazikuchelewa. Mwaka huo huo Garret FitzGerald na wenzake wa Pennsylvania walitangaza kwamba katika mkojo wa watu waliopewa dawa hizi alama za prostasaiklini zilipungua, ilhali tromboksani haikuguswa. Mizani ilikuwa imeelemea upande wa kugandisha damu. Uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 8,000 wenye baridi yabisi, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba rofekoksibu iliyapunguza kwa nusu madhara makubwa ya tumbo, lakini waliopatwa na mshtuko wa moyo walikuwa wengi kuliko katika kundi lililotumia naproksini, dawa ya kale. Maelezo ya kampuni yalikuwa kwamba naproksini ndiyo iliyoulinda moyo, wala si rofekoksibu iliyoudhuru. Miaka minne ikapita. Tarehe 30 Septemba 2004, baada ya uchunguzi mwingine uliolinganisha dawa hiyo na vidonge visivyo na dawa, Merck iliiondoa duniani kote. Na mwaka 2007 ilikubali kulipa dola bilioni 4.85 ili kumaliza mashauri ya maelfu ya watu huko Marekani.

Kosa lililofanyika halikuwa la kukosa elimu. Prostasaiklini ilikuwa imejulikana tangu mwaka 1976, na mizani yake na tromboksani ilikuwa ikifundishwa vyuoni. Kosa lilikuwa la kugawa viungo vya mwili katika vyema na viovu, kana kwamba kimeng'enya kinachochochea maumivu ya goti hakiwezi kuwa mlinzi wa moyo. Mwili haukutunga maadili hayo. Yalitungwa na watu.

Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Ukoo huu wa ikosanoidi umetoa pia dawa zinazotumia wingi wa kazi zake badala ya kuukana. Misoprostoli iliundwa kwa mfano wa prostaglandini, na mwanzoni ilitolewa kwa wagonjwa wa yabisi ili kulirudishia tumbo ulinzi ulioondolewa na dawa za jamii ya aspirini. Lakini yale waliyoyaona Kurzrok na Lieb mwaka 1930 juu ya vipande vya mfuko wa uzazi yalikuwa kweli kwa dawa hii vilevile: huukaza mfuko huo, na mama aliyejifungua hupona kutokwa na damu. Utafiti uliofanywa Kigoma, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2005, uliwahusu wakunga wa jadi waliofundishwa kuipima damu kwa kanga: kanga mbili zikilowa, mama apewe misoprostoli. Waliohitaji kupelekwa hospitali walipungua. Mwaka 2011 Shirika la Afya Ulimwenguni liliitia dawa hiyo katika orodha ya dawa za lazima kwa ajili ya kuzuia damu ya uzazi. Kidonge kile kile humlinda mmoja tumboni, humwokoa mwingine uzazini, na chaweza kumtoa mimba wa tatu. Aliyekishika yampasa ajue ni nani aliye mbele yake.

Aspirini yenyewe imerudi katika swali hilo. Mwaka 2018 ulitangazwa uchunguzi uitwao ASPREE, wa wazee 19,114 wa Australia na Marekani waliokuwa na afya njema. Waliomeza kiasi kidogo cha aspirini kila siku hawakuishi na afya muda mrefu kuliko wenzao, bali walitokwa na damu zaidi. Kwa aliyekwisha kupatwa na mshtuko wa moyo dawa hii ingali yenye faida. Kwa mzee mzima asiye na ugonjwa wa moyo, madhara yaweza kuzidi manufaa. Kimeng'enya ni kile kile na kidonge ni kile kile. Kilichobadilika ni mtu anayekimeza, na hilo ndilo swali ambalo kasisi wa Chipping Norton, mwenye wagonjwa wake 50 na kikapu chake cha magamba, hakuwa na njia ya kuliuliza.