Anwani ya anwani

Neno "anwani" limetoka Kiarabu, na Kiswahili kimelipa kazi nyingi. Kitabu kina anwani, yaani kichwa chake. Barua nayo ina anwani. Mkazi wa Butiama aliyepokea barua kwa S.L.P. ya Musoma alikuwa na anwani isiyokuwa nyumbani kwake. Ndipo mwaka 2022 ikaja operesheni ya anwani za makazi Tanzania nzima, Bunda na Musoma zikiwemo, nyumba zikapewa namba na barabara majina.

Waandishi wa programu za soketi, yaani zinazowasiliana kupitia mtandao, kwa lugha ya C wameliongezea neno hilo mzigo. Funksheni ya bind au connect haipewi anwani ya mtandao yenyewe. Hupewa pointa, yaani anwani ya mahali ilipohifadhiwa kwenye kumbukumbu, pamoja na ukubwa wake. Ukubwa hutajwa kwa sababu anwani hazilingani: kwenye Linux, sockaddr_in ya IPv4 ni baiti 16, sockaddr_in6 ya IPv6 ni baiti 28. Zote huvalishwa joho moja la sockaddr, kwani soketi zilipotoka na 4.2BSD mwaka 1983, C ilikuwa bado haina pointa sanifu ya void. Funksheni ya accept ndiyo kiboko: hata ukubwa huutaka kwa pointa, maana itaandika humo jibu.

Sasa mwalimu wa programu akisema "peleka anwani", mwanafunzi apeleke ipi? Walimu, semeni "anwani ya mtandao" na "anwani ya kumbukumbu", kwa kirefu. "Pointa" iacheni, imeshazoeleka.