Breki ya mkono isiyovutwa na mkono

Dereva wa lori akikwama mpakani Tunduma au Malaba na kumpigia fundi simu, mara nyingi husema neno moja tu: handibreki imejam. Fundi mzoefu hatafuti spana kwanza. Atauliza: "Imekataa kuachia, au imeganda?" Anayesikiliza pembeni atadhani fundi anachagua maneno tu, kumbe uchunguzi umeshaanza.

Jina "breki ya mkono" tumelirithi kutoka kwenye gari dogo. Huko mkono unavuta kweli: waya unakazika, breki inabana, na ukiachia waya unalegea. Kwenye lori la breki za upepo mambo yamegeuzwa. Kinachobana ni springi nene iliyokandamizwa ndani ya chemba iliyofungwa kwenye ekseli, ambayo mafundi wengi huiita busta. Muda wote springi hiyo inataka kufunga, na upepo kutoka kwa kompresa ndio unaoizuia ili gari litembee. Kile kijiti kilicho pembeni mwa dereva hakivuti chochote. Ni vali tu: ukikifunga, upepo unatoka kwa mlio wa "pssss", springi inatanuka, lori linasimama.

Wazo hilo la breki inayojifunga upepo ukipotea lina asili yake kwenye reli. George Westinghouse wa Marekani alipata hataza ya breki ya upepo mwaka 1869, na miaka michache baadaye akaiboresha ili behewa likikatika kwenye treni lisimame lenyewe.

Turudi kwenye jina. Tafsiri ya moja kwa moja ya "parking brake" ya Kiingereza, yaani "breki ya maegesho", ina heshima yake kwenye vitabu na fomu. Mimi naona inamdanganya dereva. Inamfanya aamini kwamba breki hii ina kazi gari likiwa limesimama tu, ilhali mpira wa upepo ukipasuka njiani na geji ya upepo kushuka chini ya bar 4 hivi, springi huanza kubana gari likiwa mwendoni. Kwa lori, istilahi ninayoipendekeza ni "breki ya springi". Anayeisikia kwa mara ya kwanza atauliza springi iko wapi, na akishajua, nusu ya ugonjwa ameuelewa.

Turudi kwenye swali la fundi. "Imekataa kuachia" maana yake upepo haujaifikia springi, au umefika kidogo. Jambo la kwanza ni kutazama geji, injini ikiwa inaunguruma. Mfumo uliojaa husoma bar 8 au zaidi. Ukiganda kwenye 4 au 5, usiiguse breki kwanza, tafuta upepo unapokwenda. Kwenye malori mengi ya Ulaya kuna vali inayogawa upepo, nayo hutangulia kujaza breki za mguu. Breki ya springi na trela hupata zamu baadaye. Kwa hiyo dereva mwenye haraka anaweza kulaumu breki ambayo bado inasubiri chakula chake.

Geji ikiwa imejaa na lori bado halisogei, zima injini, weka kabari, achia kijiti, kisha sikiliza. Upepo unaovuja mfululizo kwenye chemba moja unaashiria diaframu iliyochanika ndani yake. Kukiwa kimya kabisa, na hata ukifunga na kuachia hakuna mlio wowote, shaka ihamie kwenye vali ya kijiti au mpira ulioziba. Likigoma trela peke yake, usifungue kitu kabla ya kukagua mpira mwekundu unaounganisha kichwa na trela: umekaa sawasawa, na kama una bomba la kufungia, limefunguliwa? Watu wamelipia gereji kwa kosa hilo dogo.

"Imeganda" ni habari nyingine kabisa. Hapa upepo umefika, springi imerudi, lakini viatu vya breki vimeng'ang'ania dramu. Hutokea lori likikaa wiki kadhaa kwenye mvua, au likioshwa na kuegeshwa papo hapo likiwa limefungwa breki. Pia dereva akiteremka mlima wa Kitonga huku akikanyaga breki njia nzima, kisha akafunga breki dramu zikiwa zinachoma, chuma kikipoa husinyaa na kubana. Dawa yake ni kugonga dramu kwa nyundo, kulisogeza lori taratibu mbele na nyuma, na baadaye kufungua gurudumu kusafisha kutu. Wanaoongeza gesi kwa hasira huishia kuburuza tairi mpaka likatokeza bapa.

Chemba ikiwa imekufa na gereji iko mbali, springi inaweza kurudishwa kwa mkono. Mgongoni mwa chemba kuna kifuniko, na ubavuni mara nyingi hukaa bolti ndefu na nati yake. Kwanza kabari pande zote mbili za magurudumu, maana lori likiachia kwenye mteremko halikusubiri utoke uvunguni. Kisha bolti iingie kwenye tundu, izungushwe robo mzunguko ili ishike, nati ikazwe polepole kwa spana mpaka bolti itokeze sentimita 6 hivi. Gurudumu hilo sasa halina breki ya springi tena, kwa hiyo safari ni ya kwenda gereji tu.

Ila ile bendi ya chuma inayoshikilia nusu ya nyuma ya chemba isifunguliwe na mtu yeyote barabarani. Nyuma yake springi imejifunga kwa nguvu kubwa mno, na ikiruka huua. Ndiyo sababu nyingine ya kulitaja jina lake waziwazi: mtu aliyefundishwa "handibreki" hana cha kumtisha.

Asili ya ugonjwa mara nyingi ni maji. Upepo wa kompresa hubeba unyevu, unyevu hujikusanya kwenye matenki, kutu na mafuta hula raba za vali. Chini ya kila tenki kuna vali ndogo ya kutolea maji. Fungua kila asubuhi kabla ya kuondoka, na kama kinachotoka ni cheupe kama maziwa, kompresa inapitisha mafuta, mwite fundi mapema. Na lori likishapona, mwambie utingo ayaondoe barabarani yale mawe mliyokingia tairi; kuna pikipiki zinakuja nyuma yenu usiku.