Ubishi wa Lübeck: Atomu ilipokanwa na wanasayansi

Mwaka 2026 unatimiza miaka 100 tangu Mfaransa Jean Perrin apewe Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kuthibitisha kwamba maada imeundwa kwa chembechembe. Ni nadra kulikuta jina lake katika vitabu vya kemia vya sekondari. Humo mwanafunzi hurushwa kutoka kwa John Dalton na uzito wa atomu wa 1803 hadi J. J. Thomson na elektroni ya 1897, kisha Ernest Rutherford na kiini cha 1911. Ugomvi uliokuwa ukifukuta miaka hiyo huachwa, na ndio mtamu.

Hadi karne ya 19 inakwisha, wapo wanasayansi wazito waliokataa katakata kwamba atomu zipo. Ernst Mach wa Vienna, akitajiwa atomu, inasimuliwa kwamba alikuwa akiuliza, "Umewahi kuiona?" Mkemia Wilhelm Ostwald alishikilia kwamba nishati peke yake inatosha kueleza kila kitu.

Septemba 1895 pande mbili za ubishi huo zikakutana Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani. Huku Ostwald na Georg Helm, mwenzake katika hoja ya nishati. Kule Ludwig Boltzmann, Mwaustria aliyeeleza tabia za gesi kwa mwendo wa chembe zake. Arnold Sommerfeld, kijana wa miaka 26, alikuwapo. Baadaye alisimulia kwamba lilikuwa pambano la fahali na mpiga upanga mwepesi, ila safari hiyo fahali, yaani Boltzmann, ndiye aliyeshinda.

Ushindi huo haukumtuliza. Mwaka 1900 alihamia Leipzig, chuo kilekile cha Ostwald, akarudi Vienna 1902. Tarehe 5 Septemba 1906 alijiua akiwa likizoni Duino, karibu na Trieste. Wapo wanaosema ubishi ndio uliomuua, lakini sonona na maradhi vilikuwa vimemwandama kwa miaka mingi.

Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Albert Einstein alikuwa amekokotoa jinsi punje ndogo ndani ya maji zinavyopaswa kuyumba zikigongwa na molekuli. Kuanzia 1908, Perrin alitengeneza punje za utomvu wa manjano zenye ukubwa sawa, akazihesabu kwa hadubini katika kina mbalimbali cha maji. Zilizidi kuwa haba kuelekea juu, kwa kanuni ileile inayopunguza hewa mlimani. Hesabu hiyo ikampa idadi ya molekuli katika moli moja. Mwaka 1909 Ostwald akakiri kwa maandishi kwamba atomu zipo.

Baadaye ikaja nyutroni ya James Chadwick, 1932, na miaka ya 1980 hadubini iliyoonyesha atomu mojamoja.

Leo wanafunzi wetu huchora duara, protoni na nyutroni katikati, elektroni pembeni, wakapata alama zote bila kuulizwa tumejuaje. Swali la Mach lilikuwa halali. Tone la maziwa lililozimuliwa kwa maji na hadubini ya kawaida vinatosha kuwaonyesha vitone vya mafuta vikiyumba bila kukoma. Kipindi kimoja cha jaribio hilo kitangulie, ndipo mwanafunzi aambiwe achore.